Kabla hujaweka chiti, jua unachokiondoa

Sina neno na mtu anayetumia chiti, yaani neno au vitufe vya siri vya kurahisisha gemu, katika gemu anayocheza peke yake. Hakuna mpinzani anayedhulumiwa pale. Tena chiti nyingi zilianzia kwa watengenezaji wenyewe. Kazuhisa Hashimoto alipokuwa akiihamishia Gradius kwenye mashine ya Nintendo, mwaka 1986, gemu ilikuwa ngumu mno kwake kuijaribu, akajiwekea mfuatano wa vitufe unaompa silaha: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Kama mtengenezaji alihitaji msaada, wewe uone haya ya nini?

Ninaloomba ni kwamba ujue unachokiondoa. Mimi nilijifunza hilo katika GTA San Andreas, gemu ya uhalifu mjini. Kila damu iliposhuka niliandika HESOYAM, neno linalorudisha uhai, kukuvalisha fulana ya kuzuia risasi na kukutilia dola 250,000. Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Siku ya tatu sikuwa tena na sababu ya kufanya misheni, maana misheni zinalipa pesa na mimi pesa nilikuwa nazo za kumwaga. Nyumba nilizokuwa nikizitamani nilizinunua jioni moja, na nyingi sikurudi kuziingia. Kupona risasi hakukuniharibia kitu. Zile dola ndizo zilizoniua hamu, na tangu hapo chiti ya pesa siigusi katika gemu yoyote ambayo kutafuta pesa ndiyo safari yenyewe.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Niliweka chiti ya kuwafanya wapita njia wafanye ghasia, kisha nikasevu juu ya faili langu la pekee, ingawa gemu ilinionya. Ghasia hazikuzimika tena. Nilipofika kwenye misheni ya kumwokoa Madd Dogg, mwanamuziki wa rap ndani ya gemu anayetaka kujirusha kutoka juu ya paa, alikuwa akijirusha kabla sijalifikisha gari chini yake, kwa sababu chiti ilikuwa imebadilisha tabia za watu wote. Sikuwa na faili jingine la kurudia. Nilianza upya kabisa. Kwa hiyo sevu kwanza, kwenye nafasi tofauti, ndipo uchezee utakavyo.

Misaada ya gemu za siku hizi ni ya aina nyingine, na naipenda zaidi, kwa kuwa inakuruhusu kupunguza badala ya kufuta. Hades, ukiwasha hali yake ya msaada, inakukinga na asilimia 20 ya madhara, halafu inaongeza asilimia 2 kila unapokufa, mwisho 80. Bado unapigana, bado unakufa, ila ukuta unashuka taratibu hadi uweze kuuruka.

Iliyonifaa mimi hasa ni Celeste ya 2018, gemu ya kuruka na kupanda mlima. Kuna chumba nilikwama hadi vidole vikauma. Ningeweza kuwasha hali ya kutokufa na kupita, lakini nikajiuliza ni nini hasa kinachonishinda. Njia nilikuwa naiona. Kasi ndiyo sikuiweza. Nikashusha kasi ya gemu hadi asilimia 80, na pale pale nikaona kwamba nilikuwa nabonyeza kitufe cha kuchupa nikiwa tayari nimeanza kuanguka. Nilirudia polepole mpaka kidole kikazoea, nikapandisha hadi 90, kisha 100.

Swali hilo lifanye mazoea. Kama kinachokushinda ni mkono unaouma au macho yasiyoona vizuri, washa kila msaada uliopo na usiuzime kwa ajili ya maneno ya mtu. Kama umechoka na unataka hadithi tu, shusha ugumu uifuate hadithi. Lakini kama ni bosi mmoja tu, yaani adui mkubwa, punguza kwa huyo mmoja, kisha rudisha.

Sura ya saba ya Celeste niliimaliza kwa kasi kamili. Ya nane nimeiweka asilimia 90, na sina haraka ya kuipandisha.