Askari wangu wamepauka: ni vanishi au ni rangi?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Niko Wete. Natengeneza kikosi cha askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani wa mwaka 1914 kwa mchezo wa mezani wa vita vya Tanga, sanamu za plastiki ngumu za milimita 28. Nguo zimekaa vizuri ila nyuso na mikono imepauka, kama watu waliotoka kupepeta unga. Nilianza na nyeusi, nikawa naongeza nyeupe kidogo kidogo kwenye sehemu za mwanga, nikapitisha maji ya rangi ya kikopo nilichouziwa kwa jina la "ngozi ya Kiafrika", mwisho nikapuliza vanishi isiyong'aa. Aliyeniuzia anasema kosa ni vanishi na unyevu wa masika, niwatumbukize wote kwenye vanishi ya mbao yenye rangi watarudi sawa. Mwengine kaniambia niwaoshe kwa thina nianze upya. Nifanye lipi?

JIBU: Waalaykumu salaam. Usifanye hata moja. Thina iwe mbali kabisa na sanamu hizo, kwa sababu plastiki ngumu hulainika ndani yake. Utaanza kupoteza vidole, kisha mitutu ya bunduki, na huko hakuna kurudi. Vanishi ya mbao tutaifikia.

Kwanza tujue ugonjwa. Chukua brashi safi, ichovye maji, mguse askari mmoja kwenye shavu na kwenye kofia, umtazame kabla maji hayajakauka. Ukungu wa vanishi hufifia pakiwa majimaji na kurudi pakikauka, tena haubagui: utauona kwenye khaki, kwenye mkanda, kwenye bunduki, kila pahala ulipopuliza. Lakini umesema mwenyewe kwamba nguo zimekaa vizuri. Vanishi gani hiyo inayochagua uso na mikono ikaiacha kofia?

Ukungu upo, sikatai, na masika unatokea sana kwa anayepuliza alfajiri au mvua ikiwa imetoka kunyesha, na kwa asiyelitikisa kopo vya kutosha. Dawa yake ni mkono mwembamba wa vanishi ya kung'aa kwa brashi, ikauke vizuri, kisha ile isiyong'aa siku yenye jua, mchana. Basi. Wewe si mgonjwa wa hilo.

Ugonjwa wako ni nyeusi uliyoanzia na nyeupe uliyomalizia, na huu naletewa kila mara. Ukizichanganya hizo mbili kwa kipimo chochote utapata kijivu, na kijivu chenyewe kina ubuluu ndani. Wenye kuona kasoro hiyo hutia manjano ili "kupasha joto", na nyeusi ikikutana na manjano hutoa kijani. Nimewahi kuwekewa mezani askari wa kijani, mwenyewe akiniuliza kama praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, ndiyo mbaya.

Sasa niambie, sisi tunaoishi visiwa hivi tumejifunza wapi kwamba mtu mweusi hupakwa nyeusi? Nenda Darajani asubuhi uwatazame mahamali wanaposhusha magunia. Angalia mkono mmoja tu. Juu ya vifundo vya vidole pana kiza, chini kidogo ngozi inaingia wekundu, kiganja kina rangi nyepesi kabisa, na pale msuli unapotuna pana mng'aro mwembamba wenye makali. Nyeusi tupu huioni popote isipokuwa kwenye kivuli cha kwapa. Na huo upauko unaouona kwa askari wako ni wa ngozi kavu isiyopata mafuta. Mtoto akitoka hivyo mamake humwita arudi ndani.

Chanzo kikubwa cha kosa ni picha za zamani. Watu huzitazama picha za askari wa 1914 wakaziamini kama shahidi wa rangi. Sahani za picha za wakati ule, yaani vioo vyenye dawa ya kunasa picha, takriban zote hazikuuona wekundu. Zilipokea buluu vizuri, na chochote chenye wekundu ndani yake kikatoka cheusi au karibu na cheusi. Ngozi ya kahawia yenye damu ndani yake ikatoka kama lami, na tarbushi nyekundu ikatoka nyeusi vilevile, ndiyo maana nakutana na watu wanaopaka nyeusi tarbushi zisizo na kifuniko. Wa kwako, alhamdulillahi, wana kile kifuniko cha khaki chenye kitambaa cha kufunika shingo, kwa hiyo mtego huo umekupita.

Anza hivi. Rangi ya chini iwe kahawia ya kiza, ile ya tyubu za wachoraji, pamoja na tone la nyekundu ya udongo. Kwa vivuli, chini ya taya na ndani ya macho, chukua hiyo hiyo utie tone la buluu ya kiza, nyeusi usiiguse. Kwa mwanga ongeza nyekundu ya udongo, kisha manjano ya udongo, ukipanda kidogo kidogo: paji la uso, mfupa wa shavu, mgongo wa pua, kidevu, vifundo vya vidole. Mwisho kabisa, kwenye ncha ya pua na juu ya shavu, nukta ya rangi ya krimu iliyochanganywa na uliyokuwa ukiitumia. Nyeupe tupu haina kazi hapa. Hata weupe wa jicho ufanye wa krimu, la sivyo kikosi kizima kitaonekana kimeshtuka. Rangi iwe nyepesi kiasi kwamba ukipita mara moja bado unaiona ya chini. Ukiona alama za brashi, uliitia nzito.

Na usipake kikosi kizima kwa mchanganyiko mmoja. Wissmann, yule ofisa wa Kijerumani, alipounda jeshi lake mwaka 1889 aliwachukua Wasudani kutoka Misri na watu wa kusini kutoka Msumbiji, na kufikia 1914 safu zilikuwa na Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine wengi. Weka vikopo vitatu: kimoja chenye wekundu zaidi, kimoja chenye manjano zaidi, kimoja cha kiza zaidi, halafu wachanganye askari bila mpango. Upande wa pili wa meza yako ni hivyohivyo. Waliotua Tanga Novemba 1914 walikuwa Wahindi wa makabila mbalimbali pamoja na Waingereza wa kikosi cha Loyal North Lancashire, nami naona watu wakiwapaka Wahindi wote kahawia moja ya chungwa kama vile wametoka tumbo moja.

Tufike kwenye vanishi ya mbao. Ilitengenezwa kwa milango na makabati, lakini nakiri kuna kazi inaiweza. Ukiwa na askari wenye nguo nyeupe au khaki na nyuso za Kizungu, ukiwatumbukiza, ile rangi hutuama kwenye mikunjo, ikatia kiza penye bonde na kuacha mwanga penye mlima. Kwa haraka ya mezani inapita. Shida ni kwamba kazi yake yote ni kutia kiza. Uso ambao umeshakuwa wa kiza utautia kiza gani tena? Mikunjo haionekani, umbo linapotea, na juu yake unapata mng'aro wa manjano uliogandamana kwenye pua. Kile kikopo chako cha "ngozi ya Kiafrika" kina ubovu uleule, ni maji ya rangi ya kuingia mabondeni tu. Ngozi iliyoiva huanzia kizani ikapandishwa kwenye mwanga kwa brashi, na hilo hakuna chupa itakayokufanyia.

Hawa wauzaji wa vikopo wamenichosha. Kikopo hakina jina la kiwanda, hakisemi kama ndani ni maji au mafuta, picha ya tangazo imetiwa mwanga na simu mpaka askari anang'aa kama mpya, halafu kikiharibu lawama zinapewa masika. Masika yanasingiziwa mengi. Ukinunua kitu kisicho na maelezo, kijaribu kwanza kwenye vile vijiti vya plastiki vilivyobaki baada ya kukata sanamu, uache mpaka kesho, ukwaruze kwa ukucha. Kikinuka thina kiweke nje ya chumba unacholala. Wapo wanaopuliza praima chumbani, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi, na mtoto yuko kitandani. Huyo rangi yake ikitoka vizuri mimi simsifu.

Na kwa wale wanaonunua sanamu za chuma za zamani kutoka kwa watu: nyingi zina madini ya risasi ndani yake, nayo ni sumu. Acheni kulainisha ncha ya brashi kwa ulimi, na mkimaliza kupiga tupa nawieni mikono kabla ya kugusa chakula. Najua mafundi wakubwa wanailamba brashi. Waacheni nayo.

Wako hawahitaji kuoshwa. Chukua nyekundu ya udongo na kahawia ya kiza nusu kwa nusu, izimue kwa maji mpaka ikawa inapitisha mwanga, ifute brashi kwenye karatasi ili isidondoke, kisha pitisha kwenye uso wote mkono mmoja mwembamba. Kwa kuwa umeshapuliza vanishi, ya chini haitafumuka. Ikauke kabisa, rudia mara ya pili. Ule ujivu utageuka kahawia na tofauti za mwanga ulizozifanya zitabaki, maana hizo kwa kweli hukuziweka vibaya. Hapo ndipo utie ile nukta ya krimu. Anza na wale wa safu ya nyuma, umwache mpiga tarumbeta na ofisa kwa mwisho, mkono ukiwa umeshazoea.

Akibaki mmoja asiyekubali, huyo tu ndiye wa kuoshwa. Mlaze usiku kucha kwenye Dettol isiyotiwa maji, vaa glavu, msugue kwa mswaki wa zamani, umsuuze kwa Dettol nyengine mpaka rangi itoke yote, ndipo umpeleke kwenye maji na sabuni. Ukikimbilia maji kabla ya hapo, rangi iliyolegea hugeuka utomvu na kumganda mwili mzima.