Timu ya ubingwa utaijua kuanzia zamu ya saba

Wageni wanaofika Kansas City, Marekani, wakinikuta na kofia ya buluu ya Royals, timu yetu ya besiboli, huniuliza swali lilelile: mchezo wenye mechi 162 kwa msimu, utajuaje timu ipi ni ya ubingwa na ipi inapita tu? Wengine wanauliza kwa sababu ya kubeti, na hao siwasaidii. Wengine wanatafuta timu ya kuipenda katika nchi mpya, na kwa hao nina la kusema, maana Royals nimeishi nayo ikiwa kichekesho cha ligi, na nikaiona ikibeba kombe mwaka 2015.

Kwanza, usichague timu kwa jina la nyota wake. Sisi tuliokulia kwenye soka tunadhani mchezaji mmoja mkali anaweza kubeba wenzake, kwa sababu kwenye soka mpira unaweza kupelekewa yeye kila mara. Besiboli haina hiyo. Wapigaji ni tisa na wanafuatana kwa mpangilio. Fundi akishapiga, anakaa benchi asubiri wenzake wanane wapite. Kwa mechi nzima atapata nafasi nne au tano. Mtazame Mike Trout wa Angels, aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mara tatu. Hatua ya mtoano ameicheza mwaka mmoja tu, 2014, na ni Royals wetu waliomfungisha virago kwa mechi tatu bila. Shohei Ohtani alikaa naye Angels misimu sita na hawakuufikia mtoano hata mara moja. Alipohamia Dodgers, akabeba kombe msimu wake wa kwanza, 2024.

Utaniambia Dodgers wana fedha. Wanazo, na zinasaidia sana, tusidanganyane. Lakini Mets wa New York mwaka 2023 walikuwa na mishahara mikubwa kuliko timu zote na wakamaliza msimu wakiwa wamefungwa mechi nyingi kuliko walizoshinda.

Mimi nikitaka kuipima timu, nasubiri zamu ya saba. Mchezo una zamu tisa, kila zamu timu zote mbili hupokezana kupiga, na yule mrushaji aliyeanza kuwarushia wapigaji mpira, ambaye jina lake ndilo limeandikwa kwenye matangazo, kufikia hapo mkono umechoka na wapigaji wameshamsoma. Anayeingia baada yake ni nani? Royals ya 2014 ilikuwa na jibu la kutisha: zamu ya saba Kelvin Herrera, ya nane Wade Davis, ya tisa Greg Holland. Ukifika zamu ya sita ukiwa nyuma yao, wewe na mashabiki wako mlikuwa mnaweza kuanza kutafuta funguo za gari. Davis alikuwa amejaribiwa kama mrushaji wa kuanza mwaka 2013 na hakung'ara. Wakamhamishia mwishoni mwa mchezo, na msimu wa 2014 hakuna mpigaji hata mmoja aliyempiga mpira ukavuka ukuta. Kwa wastani aliruhusu pointi moja kwa kila zamu tisa alizorusha. Mwaka uliofuata akashuka chini ya hapo.

Halafu Septemba 2015 Holland akawekwa nje kwa jeraha la kiwiko. Hapo ndipo utaijua timu. Davis akasogea zamu ya tisa, na pengo likazibwa na watu kama Ryan Madson, ambaye kabla ya msimu huo mara yake ya mwisho kurusha katika ligi kuu ilikuwa 2011. Wala hakuna aliyeona tofauti kubwa.

Upande wa pili wa somo hili walitufundisha Mets, kwenye fainali ya mwaka huohuo. Mechi ya tano, New York, wanaongoza 2-0, na Matt Harvey amerusha zamu nane bila kuruhusu pointi. Kocha Terry Collins alikuwa ameamua kumtoa. Harvey akagoma, uwanja mzima unaimba jina lake, na Collins akalegea. Mimi nilikuwa mbele ya televisheni na nikashangilia kabisa, maana niliona wametusaidia. Lorenzo Cain wa Royals akapewa bila kupiga besi ya kwanza, ya vituo vitatu ambavyo mkimbiaji hupitia kabla ya kurudi nyumbani kupata pointi, akaiba ya pili, yaani akaikimbilia bila mpira kupigwa, Eric Hosmer akapiga, Cain akaingia: 2-1. Ndipo Harvey akatolewa, muda umeshakwenda. Dakika chache baadaye Hosmer yuko besi ya tatu, mpira dhaifu unapigwa upande ule, mlinzi anarusha besi ya kwanza, na Hosmer anachomoka kuelekea nyumbani. Ilionekana kama wazimu. Lakini wapelelezi wa Royals walikuwa wamesharipoti kwamba ulinzi wa Mets pale unaweza kushinikizwa, na kweli Lucas Duda, mlinzi wa besi ya kwanza, akarusha mpira pembeni. 2-2, na zamu zikaongezwa.

Zamu ya 12, Salvador Perez akafika besi ya kwanza. Perez ni mdakaji, anayekaa nyuma ya mpigaji, mwili mkubwa, mbio hana. Akatolewa, akaingizwa Jarrod Dyson amkimbilie. Dyson alichaguliwa raundi ya 50 mwaka 2006, timu zilipogawana wachezaji wapya, raundi ambayo timu nyingi zilikuwa zinajaza fomu tu. Kazi yake katika maisha ilikuwa kukimbia. Akaiba besi ya pili, akasogea ya tatu. Anayekwenda kupiga ni Christian Colon, ambaye hakuwa amepiga hata mara moja katika mtoano wote wa mwaka huo. Mwezi mzima amekaa benchi anatafuna mbegu za alizeti. Akapiga, Dyson akaingia, mlango ukafunguka, mechi ikaisha 7-2 na kombe likaja Kansas City kwa mara ya kwanza tangu 1985.

Kwa hiyo nikienda uwanjani siku hizi naangalia benchi kabla ya kuangalia wanaoanza. Kuna mtu wa mbio pale? Kuna mtu ambaye akiitwa usiku wa manane baada ya mwezi wa kukaa, bado gongo lake litagusa mpira?

Kugusa mpira, kwa maoni yangu, ni jambo ambalo mashabiki wapya hawalioni. Wanapenda mpira uvuke ukuta, fataki zilipuke. Royals ya 2014 ndiyo iliyovusha mipira michache kuliko timu zote za ligi, 95 tu, na ndiyo iliyoiba besi nyingi kuliko wote, 153. Walikuwa wagumu kutolewa kwa kupunga gongo hewani. Mpira ukiguswa tu, mlinzi lazima audake, aurushe, mwenzake aupokee, na popote hapo mtu anaweza kuteleza. Usiku wa Septemba 30, 2014, kwenye mtoano dhidi ya Oakland, walikuwa nyuma 7-3 kufikia zamu ya nane. Watu tulikuwa tumeshamzomea kocha Ned Yost kwa kumwingiza mrushaji kijana Yordano Ventura, aliyepigwa mpira ukavuka ukuta papo hapo. Wakaanza kuiba besi, moja baada ya nyingine, saba kwa usiku mmoja. Zamu ya 12 Perez, ambaye mara zote tano za mwanzo alikuwa ametoka mikono mitupu, aliugusa mpira mbaya wa pembeni kabisa, ukampita mlinzi wa besi ya tatu. Tukashinda 9-8. Mpira ule mpigaji mwenye adabu asingeuhangaikia.

Ulinzi wa nyuma nao ni muhimu, hasa kwenye uwanja mpana kama Kauffman. Ukiona Alex Gordon alivyokuwa anajibamiza ukutani, huhitaji maelezo.

Nitaje na watu ambao hawana jezi zinazouzwa. Kocha wa besi ya tatu, anayewaashiria wakimbiaji waendelee au wasimame, Mike Jirschele, alifanya kazi miaka na miaka kwenye ligi ndogo kabla ya kupandishwa. Fainali ya 2014, mechi ya saba, alimzuia Gordon besi ya tatu, auti mbili (ya tatu hufunga zamu), Madison Bumgarner wa Giants anarusha kama mtu asiyechoka, na tukafungwa kwa pointi moja. Mji mzima ulibishana majira yote ya baridi: angemwachia akimbie? (Mimi nasema angetolewa. Kuna rafiki yangu hadi leo hatuelewani juu ya hilo.) Mwaka uliofuata, dhidi ya Toronto, Jirschele alikuwa amegundua kwamba José Bautista akiwa pembeni hupenda kurusha mpira besi ya pili. Hosmer alipopiga upande huo, Jirschele akampungia Cain asisimame, na Cain akafika nyumbani akitokea besi ya kwanza. Tukaingia fainali. Mtu aliyekaa ligi ndogo muda mrefu huona vitu.

Na hili la muda ndilo linalowachosha mashabiki. Meneja mkuu Dayton Moore aliajiriwa 2006, mwaka ambao timu ilifungwa mechi 100. Perez alisajiliwa mwaka huohuo kutoka Venezuela akiwa na miaka 16. Mike Moustakas akachaguliwa kati ya wachezaji wapya 2007, Hosmer 2008. Cain na Alcides Escobar walipatikana kwa kumuuza Zack Greinke, aliyekuwa mrushaji wetu bora. Tulilalamika sana. Kombe lilikuja miaka tisa baada ya Moore kufika, na bei yake tukailipa baadaye: Hosmer na Cain wakaondoka mikataba ilipoisha, na 2018 timu ikafungwa mechi 104. Ventura hakuwepo tena, alifariki kwa ajali ya gari kwao Jamhuri ya Dominika Januari 2017.

Bahati? Ipo. Katika ule mtoano wa 2015 Houston walikuwa wanaongoza 6-2, zamu ya nane, wanakaribia kututoa, mpira ukampita mlinzi wao Carlos Correa na kila kitu kikageuka. Usimwamini shabiki wa bingwa yeyote anayekwambia timu yake haikupata wa kuibeba kidogo.

Sasa tuna Bobby Witt Jr., na ni raha kumtazama. Mwaka 2024 alikuwa bingwa wa wastani wa kupiga katika ligi yetu, timu ikapanda kutoka kufungwa mechi 106 hadi kuingia mtoano, ikawatoa Orioles, kisha Yankees wakatumaliza. Warushaji hawakuwa tatizo. Nyuma ya Witt wapigaji walikuwa wanaisha haraka mno. Kilichonipa moyo msimu ule ni Julai, walipomchukua Lucas Erceg kutoka Oakland, mrushaji wa zamu za mwisho ambaye wengi hapa mjini walikuwa hawajawahi kumsikia. Ukitaka kuanza kuifuatilia timu, chagua mechi ya katikati ya wiki, tiketi ni nafuu, fika mapema ule nyama zinazochomwa kwenye maegesho, na usiondoke zamu ya sita kuwahi foleni ya magari kama wanavyofanya nusu ya majirani zangu.