Maswali na majibu: mafunzo kwa vitendo kwenye chumba cha habari, Tanga

Wanafunzi wa uandishi wa habari wameshaanza kufika kwenye vituo vya redio kwa mafunzo kwa vitendo, na maswali yao yamekuwa mengi. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

*Shikamoo dada. Niko redio ya umma hapa Tanga, wiki ya tatu sasa sijaisogelea maiki. Napiga simu na kuandika upya taarifa tu. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Chumbageni)*

Marahaba, mdogo wangu. Endelea na hizo simu, maana kazi yenyewe iko humo. Barua ikija kusema mradi wa maji umekamilika, mpigie mwenyekiti wa mtaa, halafu mtafute mama anayeteka pale umuulize bomba lilitoa maji lini mara ya mwisho. Mhariri akizoea kukuta kwenye karatasi yako majibu ambayo barua haikuwa nayo, atakuita mwenyewe studio. Na andika kwa ajili ya sikio: sentensi fupi, takwimu moja kwa sentensi. Anayesikiliza huku anakaanga mihogo hawezi kurudi aya moja nyuma. Isome kwa sauti kabla ya kuikabidhi. Pumzi ikikukatikia mahali, hapo pana sentensi ya kugawa.

*Nilitumwa soko la samaki Deep Sea kurekodi wavuvi kuhusu bei. Nikarudi na upepo na injini za boti. Mhariri alikasirika sana. (Mwanafunzi, Makorora)*

Pale kusi ikivuma, kurekodi ni kazi kweli. Upepo upe mgongo, mwili wako uikinge maiki, na usikose kifuniko cha sponji. Maiki ikae kama shubiri moja kutoka mdomoni mwa anayesema. Vaa hedifoni wakati unarekodi, usingoje kufika ofisini ndipo ugundue.

Anza na mnada peke yake. Dalali ananadi, wachuuzi wanapandishiana, wewe kimya kwa nusu dakika hivi. Sauti hiyo utailaza chini ya maelezo yako. Kisha mvute mvuvi pembeni, nyuma ya ukuta, na umuulize kitu chenye jibu: "Leo ndoo ya dagaa umeiuza bei gani? Mwezi uliopita je?" Ukimuuliza anajisikiaje, atakujibu "tunashukuru Mungu," nawe huna habari.

Halafu kuna hili la kuchakata sauti uliyorekodi, ambalo naliona kubwa kuliko upepo. Mvuvi amesema, "Bei nzuri, ila mafuta ya injini yanatumaliza." Ukikata kwenye "nzuri", umemsemea uongo kwa sauti yake mwenyewe. Kesho atakuwa pale pale sokoni, na jirani zake wamemsikia. Ukikosa sekunde za kutosha, acha sauti yote nje, ueleze mwenyewe alichosema, chote.

*Baada ya semina tuligawiwa bahasha, waandishi wote wakachukua. Mimi mwanafunzi sina hata nauli. (Mwanafunzi, Mabawa)*

Usichukue, hata kama wakubwa zako wamechukua. Shida ya nauli ni ya kweli, na wanafunzi wanaumia nayo. Ipeleke kwa mhariri au chuoni. Mwenye habari si wa kukulipia daladala. Ukiishika bahasha yake, ukikaa kuandika hutajua tena kama unaandika habari au unarudisha fadhila.

*Kijana wa miaka 15 amefikishwa mahakamani kwa wizi. Mtaani kila mtu anamjua. Nimtaje?*

Hapana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda faragha yake. Jina acha, na shule, mtaa na jina la baba pia, kwa sababu vikiwekwa pamoja vinamtaja.

*Nimepangiwa Pangani FM badala ya Tanga mjini. Wenzangu wananicheka. (Mwanafunzi, Muheza)*

Nenda, tena haraka. Kwenye redio ya jamii unatafuta habari, unaikata na unaisoma wewe mwenyewe, na uliyemhoji asubuhi unakutana naye gengeni jioni. Ukikosea jina lake utaambiwa usoni. Sioni shule bora kuliko hiyo.

*Lafudhi yangu ya Kidigo itaninyima kusoma taarifa?*

Haitakunyima. Tamka kila silabi, usikimbie, na majina ya watu yaulize kabla ya kuingia studio.

*Kitabu cha kumbukumbu za kila siku anakisaini nani?*

Msimamizi wako wa kituoni. Mpelekee kila Ijumaa, kwa sababu mwisho wa mafunzo huenda amesafiri na chuo hakitakusubiri.