Kompyuta tulivu ya kurekodia: achana na kipozea cha maji

Uliyeuliza kama kipozea cha maji kitanyamazisha kompyuta ya kurekodia sauti: hapana, hela itaenda bure. Pampu yake ina mvumo wake, na maiki ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo, inaunasa vizuri tu. Chukua prosesa ya wati 65 yenye grafiki humo humo, maana kadi ya grafiki ni feni nyingine usiyoihitaji. Ifungie kipozea kikubwa cha hewa chenye feni ya milimita 120. RAM GB 32 kwa vipande viwili, SSD pekee, pawa saplai ya wati 550. Ikibeba mzigo mdogo, feni yake huenda polepole.

Kinachokera hasa ni feni inayopanda na kushuka kila ukifungua plagini, yaani programu ndogo ya kuongeza ala au madoido ya sauti. Ingia BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka kikamilifu, ishikilie feni kwenye mizunguko kama 600 kwa dakika hadi joto lifike nyuzi 60, kisha weka ucheleweshaji wa sekunde chache kabla feni haijabadili kasi.

Sauti ikikatikakatika na prosesa inatumika asilimia 30 tu, usikimbilie kununua kitu. Zima Wi-Fi kwanza. Mara nyingi dreva yake, yaani programu inayoiendesha, ndiyo mkorofi. Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta huhifadhi kwa muda kabla ya kuichakata, iwe sampuli 128 ukirekodi, 512 ukimiksi.