Tairi kipara upande mmoja: maswali yenu kuhusu alaimenti

Maswali ya matairi hayakauki, na mengi yanazunguka jambo lile lile: gari limepelekwa kupimwa alaimenti (pembe ambazo magurudumu yamesimamia), pesa imelipwa, na tairi bado linaliwa. Nimechukua sita yanayojirudia.

Matairi yangu ya mbele yana meno mazuri kabisa upande wa nje, lakini ndani ni kipara hadi nyuzi zinaonekana. Hayajafika hata kilomita 20,000. Je, nimeuziwa matairi feki?

Kwanza, tairi linaloonyesha nyuzi halitembei tena, hata safari ya kwenda gereji. Weka la akiba.

Kuhusu feki, sidhani. Tairi baya huisha haraka, ila haliwezi kuchagua kuisha ndani tu. Linapoliwa upande mmoja, linakuambia jinsi gurudumu lilivyosimama. Kuna pembe mbili za kushuku. Ya kwanza ni kemba: simama mbele ya gari utazame kama gurudumu limeinamisha kichwa ndani au nje. Ya pili ni tou, ambayo ungeiona kama ungelitazama gari kutoka juu: magurudumu mawili ya mbele yanaelekeana, kama mtu mwenye vidole vya miguu vilivyogeukia ndani, au yameachana.

Wengi hukimbilia kulaumu kemba kwa sababu inaonekana kwa macho. Mimi huanza na tou, maana ndiyo inayomaliza tairi upesi zaidi. Gurudumu lenye tou mbaya haliviringiki tu, linaburutwa kwa ubavu muda wote gari linapotembea. Piga hesabu: gurudumu likikosea kwa robo ya digrii, kila kilomita moja linaburuzwa pembeni zaidi ya mita 4. Baada ya kilomita 10,000 hizo ni zaidi ya kilomita 43 za kusugua lami. Na robo ya digrii huwezi kuiona hata ukichuchumaa na kukodoa.

Kiganja huona zaidi. Gari likiwa limezimwa na matairi yamepoa, pitisha mkono juu ya meno kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Kama upande mmoja wa mwendo ni laini na wa pili unakwaruza, hiyo ni tou. Kama ni laini pande zote ila ukingo mmoja umeshuka kuliko mwingine, shuku kemba. (Ukikuta nyuzi, usipitishe mkono, zinachana.) Kwako wewe, ndani kumeisha na nje meno bado yapo, inaelekea magurudumu yameachana kwa mbele, pengine na kemba ikisaidia uharibifu. Usinunue matairi mapya kabla ya kujua kilichoyasogeza: bushi (mpira wa kwenye viungo) iliyokufa, tairodi (fimbo inayosukuma gurudumu ukikata usukani) yenye mchezo, au shimo lile uliloingia ukasikia kishindo ukaendelea na safari.

Na mazoea ya kulitazama tairi ukiwa umesimama pembeni hayatoshi. Kata usukani hadi mwisho, ukingo wa ndani utajitokeza.

Usukani unatetemeka nikikaribia kilomita 90 kwa saa, nikipunguza unatulia. Nifanye alaimenti?

Hapana, anza na balansi. Mtetemo unaokuja na mwendo fulani na kuondoka nao kwa kawaida ni uzito usio sawa kwenye rimu na tairi, au rimu iliyopinda. Alaimenti mbaya huvuta na kula tairi. Kutetemesha si tabia yake.

Nimefanya alaimenti mara mbili kwa mafundi wawili tofauti. Gari bado linavuta kushoto.

Basi yawezekana alaimenti haina kosa, na mara ya tatu utalipia kitu kile kile.

Anza na barabara yenyewe. Barabara nyingi zimeinuliwa katikati ili maji yatiririke pembeni, na gari lolote zima huteleza polepole kuelekea ukingoni ukilegeza mikono. Jaribu mahali palipo tambarare. Likiendelea kuvuta, pima upepo wa matairi yakiwa ya baridi, maana upande wenye upepo pungufu huvuta gari kwake. Kisha badilisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto (kama hayana mshale wa mwelekeo). Gari likianza kuvuta upande wa pili, au likaacha kuvuta, umempata mkosaji: ni tairi, ambalo linaweza kuwa limesukwa vibaya ndani hata kama kwa nje linang'aa.

Bado? Endesha kidogo bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja likitoa joto kali kuliko wenzake, breki yake imeng'ang'ania. Baada ya hayo yote ndipo turudi kwenye mashine, na hapo tunatafuta tofauti kati ya kushoto na kulia katika kemba na kasta, yaani mlalo wa kwenda mbele au nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia ukikata usukani. Kasta yenyewe haili tairi kwa kiasi kikubwa, lakini ikipishana pande mbili gari halikai njiani. Mafundi wengi hurekebisha tou peke yake kwa kuwa ndiyo nyepesi kufungua. Ndiyo maana unaweza kufanyiwa "alaimenti" mara mbili na mvuto ukabaki pale pale.

Nitajuaje kama fundi amefanya kazi au amewasha tu mashine?

Omba karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Yenye vya baada peke yake ni nusu ya habari. Vipimo mara nyingi huandikwa kwa digrii na dakika, na digrii moja ina dakika 60. Linganisha kila pembe na kiwango cha mtengenezaji wa gari lako kilichochapishwa pembeni, si cha gari linalofanana nalo. Rangi ya kijani, inayosema kipimo kimo ndani ya kiwango, isikulaze: kipimo kinaweza kuwa kijani kikiwa kimegusa mpaka kabisa, na bushi ikilegea kidogo kinavuka. Fundi mzuri hulenga katikati, na huhakikisha kushoto na kulia vinakaribiana.

Lakini kazi yenyewe huonekana kabla ya karatasi. Je, alipima upepo? Je, alinyanyua gari kwa jeki akatikisa gurudumu kwa kulishika juu na chini, kisha kushoto na kulia? Mchezo wa juu na chini mara nyingi hutoka kwenye boljointi (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu) au beringi, na wa pembeni hutoka kwenye tairodi. Kupanga pembe wakati kiungo kimelegea ni kupoteza muda, kwa kuwa pembe hiyo itahama kabla hujafika nyumbani. Fundi akikuambia "hatupimi leo, badilisha tairodi kwanza", huyo mshike.

Mwisho akupe gari ulijaribu. Likienda moja kwa moja huku usukani umepinda, mrudishie. Katika magari yenye mfumo wa kompyuta wa kuzuia kuteleza, kihisi cha usukani nacho kinaweza kuhitaji kupangwa upya.

Gari langu nyuma lina ekseli moja nzima isiyorekebishika. Kwa nini wanapima magurudumu manne?

Kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linasukumwa kuelekea wapi. Ekseli ikiwa imekaa upande kidogo, mbele italazimika kukata ili gari linyooke, na usukani utakaa umepinda. Fundi akijua nyuma kunaelekea wapi, anapanga mbele kwa kufuata mstari huo. Na ekseli ikionekana imehama sana, kuna kitu kimepinda au kimekatika, na afadhali ukijue.

Nikisharekebisha, tairi lililoliwa upande mmoja litajisawazisha?

Halitajisawazisha. Mpira uliokwisha umekwisha, na kelele ya meno yaliyochongoka inaweza kuendelea hata pembe zikiwa sahihi, kwa hiyo usimrudie fundi kwa kelele hiyo tu. Tairi ambalo halina mshale wala maandishi ya upande wa nje na wa ndani linaweza kufunguliwa na kugeuzwa kwenye rimu, ukingo mzima ukaingia ndani. Inafaa tu kama ukingo ulioliwa bado uko juu ya vile vinundu vya alama vilivyo kwenye mifereji, ambavyo kwa matairi ya magari madogo huwa na kimo cha milimita 1.6. Ukikuta umefika hapo, nunua jipya. Na ukiamua kugeuza, alaimenti itangulie, la sivyo ukingo wa pili nao utaliwa vile vile.