Kimashine kinasoma 1,400, je hewa safi inaingia kiasi gani?

SWALI: Habari zenu, nimenunua kile kimashine cha kupima hewa ukaa nikakiweka kwenye chumba tunachofanyia kazi watu sita. Asubuhi kinasoma kama 700, ikifika saa nne ni 1,400 na bado inapanda. Jamaa kaniambia kwa namba hizo naweza kujua hewa safi inaingia kiasi gani, ni kweli au ananizingua?

JIBU: Hakuzingui, ila hiyo 1,400 usiipigie hesabu kwanza maana umesema mwenyewe bado inapanda. Mtu mzima akikaa mezani anatoa kama lita 18 za hewa ukaa kwa saa, na nje huwa kuna takriban ppm 420 (yaani sehemu 420 kwenye kila sehemu milioni za hewa, ndo kipimo cha namba za kimashine chako), kwa hiyo namba ya ndani IKISHATULIA toa 420 halafu gawa 5,000 kwa kilichobaki, jibu ni lita za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu. Ingetulia kwenye 1,400 ungepata kama 5. Kama bado inapanda basi hali yenu ni mbaya kuliko hiyo 5, na chumba kinachobadilisha hewa nusu mara tu kwa saa kinahitaji kama masaa sita ndo kitulie, saa ngapi hapo watu washatoka kwenda kula!

Mimi naamini zaidi njia ya jioni. Watu wote wakitoka (na wewe pia, unapumua!) acha madirisha yalivyokuwa mchana, funga mlango, washa feni hewa ichanganyike, kisha angalia ile ziada juu ya hewa ya nje inachukua muda gani kupungua nusu. Tuseme mmetoka ikiwa 1,420, ziada ni 1,000, ikisoma 920 imebaki 500. Kama imechukua nusu saa, gawa 0.7 (namba isiyobadilika ya hesabu hii ya kupungua nusu) kwa 0.5 (hiyo nusu saa) unapata 1.4, yaani hewa inabadilika mara 1.4 kwa saa, zidisha na ujazo wa chumba utajua ni mita za ujazo ngapi. Hapo huhitaji kukisia nani anapumua kiasi gani.

Halafu kimashine kitoe kwanza nje dakika ishirini hivi, usikipulizie pumzi. Kikisoma 480 badala ya 420, tumia hiyo 480 kwenye hesabu ya kutoa.