Kabla ya Wahusika, Uliza Mwaka: Namna ya Kusoma Riwaya za Kiingereza

Ukipewa riwaya ya Kiingereza ya karne ya 19, usikimbilie wahusika. Tazama kwanza mwaka ilipotoka, kisha uliza mwaka huo Waingereza walikuwa wanagombania nini: mkate, mshahara, kura au urithi. Nimefundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi, na huu ndio ushauri ninaoutoa kabla ya mwingine wowote, kwa wanafunzi na kwa watu wazima wanaotaka kusoma vitabu hivi kwa raha zao.

Sababu ni hii. Shuleni tumezoeshwa kuorodhesha dhamira: umaskini, unyonyaji, mapenzi, nafasi ya mwanamke. Mwanafunzi anaandika "mwandishi anaonyesha umaskini" na anapata alama zake. Sentensi hiyo inaweza kuandikwa juu ya kitabu chochote duniani. Haisemi umaskini ule ulitokana na nini, nani aliuona kuwa halali, wala mwandishi alikuwa anambishia nani. Na waandishi hawa walikuwa wanabishana kwelikweli, na watu waliowajua, juu ya sheria zilizokuwa zinajadiliwa bungeni wakati kalamu iko mkononi.

Mfano ninaourudia kuliko yote ni wa mwaka 1854. Huko Preston, mji wa viwanda vya pamba kaskazini-magharibi mwa Uingereza, wafanyakazi walidai kurudishiwa asilimia 10 ya mshahara waliyokatwa miaka ya nyuma. Wenye viwanda wakajibu kwa kufunga milango, na maelfu ya watu wakakaa nje majira yote ya baridi. Januari 1854 Charles Dickens alikwenda kujionea. Akaandika makala katika gazeti lake la kila wiki, Household Words, na kuanzia Aprili gazeti hilohilo likachapa riwaya yake Hard Times, sehemu kwa sehemu. Ilipokwisha Agosti, mwezi uliofuata ikaingia riwaya ya Elizabeth Gaskell, North and South, ambayo nayo ina mgomo wa kiwanda cha pamba katikati yake. Wasomaji ni walewale, gazeti ni lilelile, mwaka ni uleule, na riwaya mbili juu ya jambo moja hazikubaliani. Ukiweza kusoma moja tu, utajua msimamo wa mtu. Ukizisoma zote mbili, unaingia kwenye mjadala wenyewe.

Dickens alikuwa mtu wa London aliyetembelea viwanda. Gaskell, mke wa mchungaji, aliishi Manchester, akiingia vyumba vya wafanyakazi na vilevile akialikwa mezani kwa matajiri. Riwaya yake ya kwanza, Mary Barton ya mwaka 1848, iliwakasirisha wenye viwanda, waliosema ameegemea upande mmoja. Ndiyo maana katika North and South anampa tajiri John Thornton nafasi ndefu ya kujieleza, na anampa Nicholas Higgins, mtu wa chama cha wafanyakazi, akili na heshima zake. Thornton anakataa kuongeza mshahara na anakataa pia kutaja sababu, ingawa sababu anayo: Wamarekani wameanza kuuza nyuzi kwa bei ya chini. Margaret Hale, binti wa mchungaji aliyetoka kusini, anamuuliza kwa nini asiwaambie watu wake. Thornton anaona fedha ni zake, basi maelezo hayadaiwi. Sehemu hizi wanafunzi huziruka wakitafuta mapenzi. Nawasihi wazisome kwa sauti, wawili wawili, kila mmoja akichukua upande. Swali la kama mfanyakazi ana haki ya kujua hesabu za kampuni halijaisha, na darasa huwa halihitaji kuchochewa na mwalimu.

Jambo la pili ninalolishauri ni kuweka riwaya kando ya maandishi mengine ya mwandishi huyohuyo. Makala ya Dickens ya Februari 1854 inasifu utulivu wa watu wa Preston. Anaeleza mkutano ambamo msemaji mmoja mpenda makelele alizuiwa na mwenyekiti kwa busara, na shughuli zikaendelea. Ndani ya Hard Times, msemaji wa aina hiyo, Slackbridge, anaombwa na mwenyekiti aketi kwa muda tu. Yeye ndiye anayeuteka ukumbi, na Stephen Blackpool, mfanyakazi mwadilifu anayekataa kujiunga na wenzake, anatengwa. Aliyoyaona kwa macho yanatofautiana na aliyoyaandika. Kwa maoni yangu, Dickens alichukia ukatili wa matajiri kwa moyo wake wote, lakini maskini waliojipanga walimtia hofu. Alitaka tajiri abadilike moyo. Hakutaka maskini wapate nguvu ya kumlazimisha. Unaweza kunipinga, na ushahidi wa kunipinga nao umo humohumo kitabuni, ila hoja hii yote isingeonekana kama makala ile isingewekwa mezani.

Hata hivyo, kuna mahali Hard Times haina mshindani. Sissy Jupe, mtoto wa watu wa sarakasi, amepelekwa shule inayofundisha takwimu na mambo ya hakika peke yake. Mwalimu anamwambia: chukua darasa hili kuwa taifa, na taifa lina pauni milioni 50, je, si taifa lenye neema? Sissy anajibu kwamba hawezi kujua mpaka ajue fedha hizo anazo nani, na kama kuna zilizo zake. Mwalimu anaendelea: mji una watu milioni moja, na kwa mwaka mzima ni 25 tu wanaokufa njaa barabarani. Sissy anasema kwa wale waliokufa uchungu ni uleule, hata kama wengine wangekuwa milioni za milioni. Anahesabiwa amekosa. Dickens hapa anawajibu wanauchumi na watawala wa zama zake waliopima hali ya nchi kwa jumla na wastani, na amemweka mtoto atoe jibu ambalo wasomi wa leo wanalitolea vitabu vizima wanapojadili pato la taifa na mgawanyo wake. Sijawahi kuifundisha sura hii darasa likabaki kimya.

Kwa Gaskell, sura yangu ni ile ya Bessy Higgins, binti wa Nicholas. Ana umri wa miaka 19 na anakufa kwa sababu ya vumbi la pamba lililojaa mapafuni. Anamweleza Margaret kwamba kuna feni kubwa, gurudumu linalovuta vumbi nje ya chumba cha kuchambulia pamba. Gharama yake ni pauni 500 au 600, na haliingizi faida, kwa hiyo ni wenye viwanda wachache wanaoliweka. Kisha anaongeza jambo ambalo mtu wa kubuni tu mezani asingelifikia: wako wafanyakazi wasiolitaka gurudumu hilo, kwa kuwa walishazoea kumeza vumbi, na vumbi likiondoka wanashikwa na njaa zaidi, na mshahara hautoshi kununua chakula zaidi. Soma aya hiyo taratibu. Bunge lilishapitisha sheria za viwanda, ile ya 1833 ya watoto na ile ya 1847 ya saa 10 za kazi kwa wanawake na vijana, na bado vumbi lilikuwa linaua. Gaskell haandiki hotuba. Anamwacha msichana ataje bei ya maisha yake kwa pauni, na msomaji wa 1854 alijua vizuri kiwanda kimoja kinaingiza pauni ngapi.

Kitabu kifupi cha kuanzia, kwa mwenye haraka, ni A Christmas Carol. Mwaka 1843 ilitoka taarifa ya tume ya serikali juu ya watoto wanaofanya kazi viwandani. Dickens alikusudia kutoa kijitabu cha kuwasihi Waingereza, akabadili nia, akaandika hadithi, nayo ikatoka tarehe 19 Desemba mwaka huohuo. Scrooge, tajiri bahili wa hadithi hiyo, anaposema maskini wasiotaka kwenda kwenye nyumba za kazi ni heri wafe, wapunguze watu waliozidi, anarudia hoja zilizosikika kwa wasomi tangu Thomas Malthus alipochapisha insha yake ya idadi ya watu mwaka 1798. Sheria ya Maskini ya 1834 ilijengwa katika hewa hiyo. Msaada ulipatikana ndani ya nyumba za kazi, mume akitengwa na mke, na watoto wakitengwa na wazazi, ili mtu asiingie mpaka ashindwe kabisa.

Wengine huniuliza kama njia hii inafaa kwa vitabu vya zamani zaidi. Inafaa, tena sana. Chukua Coriolanus ya Shakespeare, inayokadiriwa kuandikwa karibu na mwaka 1608. Tamthilia inafunguka kwa raia wenye njaa, silaha mkononi, wakisema wakubwa wamejaza nafaka maghalani huku wao wanakufa. Mwaka 1607 wakulima wa katikati ya Uingereza, pamoja na Warwickshire alikozaliwa Shakespeare, walikuwa wameinuka kupinga ardhi ya kijiji kuzungushiwa uzio na kufanywa malisho ya kondoo. Katika maandishi ya Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, ambayo Shakespeare aliyatumia, ghasia za kwanza Roma zilitokana na madeni na riba, na habari ya nafaka inakuja baadaye. Shakespeare ameisogeza njaa mbele, ikawa ndilo neno la kwanza jukwaani. Halafu kuna hili: mwaka 1598, wakati wa upungufu wa chakula, orodha ya ukaguzi wa Stratford, mji wa kwao, ilionyesha Shakespeare mwenyewe ana akiba ya kimea (nafaka ya kutengenezea pombe) cha bushel 80, kipimo cha nafaka cha Kiingereza, na serikali ilikuwa inawasaka walanguzi wa nafaka. Alijua ghala kwa ndani. Labda ndiyo maana Menenius, anayewatuliza raia kwa ngano ya tumbo na viungo vya mwili, anazungumza vizuri mno, na labda ndiyo maana raia wale hawana majibu ya kijinga.

Sasa tahadhari, na hii naiona nzito kuliko yote niliyosema. Mjadala wa wakati fulani una watu walioruhusiwa kukaa mezani na watu walioachwa nje, na riwaya huwa inafuata mipaka hiyo. Pamba ya Manchester na Preston ilitoka wapi mwaka 1854? Kwa sehemu kubwa ilitoka mashamba ya kusini mwa Marekani, ikichumwa na watumwa. Thornton na Higgins wanabishana kurasa nyingi juu ya faida inavyogawanywa, na aliyechuma pamba hana kiti katika mabishano hayo. Jambo hili linatugusa huku kwetu moja kwa moja. Merikani, kitambaa cha pamba kilichoshushwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts, kikasafirishwa na misafara hadi bara, kilifumwa kwa pamba hiyohiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861, viwanda vya Lancashire, jimbo la Preston na Manchester, vilikosa pamba na watu wakalala njaa, na huku pwani merikani ikaadimika, nafasi yake ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na India. Kwa hiyo unapomaliza kuuliza riwaya inabishana na nani, uliza pia ni nani ambaye jasho lake limo ndani ya kitabu ila jina lake halimo. Jibu hulipati kwenye kurasa za riwaya. Inabidi ufungue kitabu cha historia.

Swali hilohilo linaibadilisha kabisa sura ya mwisho ya North and South. Margaret amerithi mali, Thornton amefilisika, na binti anamtolea fedha za kuokoa kiwanda. Wasomaji huona mapenzi tu. Lakini kwa sheria ya wakati ule, mwanamke asiye na mume angeweza kukopesha fedha zake kama mwanamume. Akishaolewa, bila mkataba maalumu wa kumlinda, fedha zake zilikuwa za mume. Mwaka 1856, mwaka mmoja baada ya riwaya kutoka kama kitabu, Gaskell alitia sahihi ombi lililopelekwa bungeni kutaka wanawake walioolewa wamiliki mali yao. Sheria ya kwanza ilipatikana 1870 na iliyo kamili zaidi 1882, naye alishafariki tangu 1865. Msome Margaret akitoa hesabu zake za benki ukijua hayo, uone kama bado utaharakisha kufunga kitabu.

Kwa mwanafunzi wa mtihani: katika kila aya ya insha yako, taja tukio au sheria, taja mwaka, kisha lete tukio la kitabuni linaloijibu, na useme mwandishi anakubali au anapinga. Usimwage historia ukurasa mzima kabla ya kugusa kitabu. Kwa mwalimu: gawa darasa, nusu wasome Hard Times na nusu North and South, halafu wakutane. Vitabu hivi vyote haki zake za kunakili zimekwisha, vinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na vinasomeka kwenye simu ya kawaida hata bila intaneti ukishavipakua. Mijadala ya bunge la Uingereza ya karne ya 19 nayo iko wazi mtandaoni. Tafuta mwaka 1847 na maneno "ten hours", yaani saa 10 za kazi, utasoma wabunge wakitoa hoja zilezile zinazotoka vinywani mwa wahusika.

Mwenye jioni moja tu, aanze na sura ya tisa ya sehemu ya kwanza ya Hard Times. Ni fupi, na Sissy anaongea humo karibu mwanzo hadi mwisho.